Maswali na Majibu: Jina la Livingstone Lina Mababu Wangapi?

Mwezi huu tumepokea barua tatu kuhusu jina moja la Kiskoti. Kwa kuwa jibu la kila barua linaegemea lile lililotangulia, tumeona ni bora tuziweke pamoja na kuzijibu kwa mfuatano.

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa historia hapa Ujiji. Kwa miaka mingi nimewapeleka wanafunzi kwenye mnara wa kumbukumbu wa mahali ambapo Stanley alimkuta Dkt. David Livingstone mwaka 1871, na karibu kila mwaka hutokea mtoto akaniuliza maana ya jina hilo. Nilizoea kujibu kwamba ni "jiwe lililo hai", lakini siku hizi sina hakika tena. Je, ni jina la mtu, la mahali au la ukoo? Na hao akina Livingstone walitoka wapi?
Msomaji, Ujiji

JIBU

Ndugu Mwalimu, shaka yako ina msingi, kwani ndani ya jina hilo hamna jiwe wala uhai. Linalowapotosha wengi ni tahajia ya Kiingereza cha leo, ambayo imelivika jina la kale vazi la maneno mawili yanayojulikana na kila mtu.

Katika karne ya 12, wakati wa Mfalme David I aliyetawala Uskoti kuanzia mwaka 1124 hadi 1153, mtu mmoja aitwaye Leving alimiliki ardhi magharibi ya Edinburgh, katika eneo ambalo leo ni West Lothian. Makazi yake yakaitwa Levingestun. Neno hilo lina vipande vitatu: Leving, ambalo ni jina la mwenyewe; es, kiungo cha umilikaji kinachofanya kazi ya "la" katika "shamba la Juma"; na tun, lililomaanisha shamba lenye uzio au kijiji kidogo. Makarani wa kanisa, ambao waliandika kwa Kilatini, waliliita Villa Leving. Kadiri miaka ilivyopita, ile s ya umilikaji iligandana na t ya tun, vokali zikamezwa, na watu wasiomkumbuka tena Leving wakasikia "stone" mahali ambapo hapakuwa na jiwe lolote. Mji wenyewe ungalipo, unaandikwa Livingston bila e mwishoni, na mwaka 1962 uliteuliwa kuwa mji mpya wa kupokea watu waliokuwa wamebanana katika mitaa ya Glasgow.

Kwa hiyo jina lilianza kwa mtu, likahamia kwenye ardhi, kisha likarudi kwa watu wengine waliotoka katika ardhi hiyo na kujiita "wa Livingston", kama vile kwetu pwani mtu aliyetoka Barawa alivyoitwa Mbarawa na wajukuu wake wakabaki na jina hilo hata kama hawakuwahi kuiona Barawa. Watu hao wa nyanda za chini za Uskoti walipanda vyeo. Sir Alexander Livingston wa Callendar alikuwa miongoni mwa walioishika serikali wakati Mfalme James II alipokuwa bado mtoto. Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale wasichana wanne walioitwa Mary waliofuatana na Malkia Mary wa Uskoti. Na mwaka 1600 mkuu wa ukoo alipewa cheo cha Earl wa Linlithgow. Vyeo hivyo vilipotea baada ya ukoo kujiunga na uasi wa mwaka 1715 uliotaka kuirudisha nasaba ya Stewart katika kiti cha enzi.

Ningeweza kuishia hapo, na maandishi mengi huishia hapo hapo, lakini nitakuwa nimekudanganya kuhusu mtu ambaye wanafunzi wako wanamwulizia. David Livingstone hakutoka katika ukoo huo wa mabwana. Babu yake aliitwa Neil, naye alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, kipande cha ardhi kilichotengwa na kisiwa kikubwa cha Mull kwa mlango mwembamba wa bahari, upande wa magharibi wa Uskoti. Huko watu walizungumza Kigaeli, na Kigaeli hakikuwa na desturi ya majina ya ukoo yanayotokana na mashamba. Mwanamume alijulikana kwa "mac", yaani "mwana wa", kama bin yetu. Mwanamke kwa "nic", sawasawa na binti. Ukimwuliza mtu wa visiwani wewe ni nani, angekutajia baba, babu na baba wa babu, hadi uridhike au uchoke. David mwenyewe, katika kitabu cha safari zake alichokichapisha mwaka 1857, anasema kwamba babu yake aliweza kusimulia maisha ya vizazi sita vya wazee wake.

Jina la Kigaeli la watu hawa lilikuwa Mac an Lèigh, ambalo kwa Kiingereza huandikwa MacLea au MacLeay. Wapo wanaolifasiri kuwa "mwana wa tabibu", na bila shaka wanafunzi wako watafurahi kusikia hivyo, maana David alikuwa daktari. Wengine hulitoa katika jina la babu mmoja wa kale aliyeitwa Donnshléibhe. Mabishano hayo ni ya wataalamu wa lugha. Lenye uzito zaidi ni kwamba ukoo huu ulikuwa na kazi yake mahususi katika kisiwa cha Lismore, nayo ilikuwa kuitunza fimbo ya Mtakatifu Moluag, mmisionari kutoka Ireland aliyefariki mwaka 592. Fimbo yenyewe ni gongo la mti, lenye urefu usiofika hata mita moja, ambalo zamani lilivikwa shaba iliyopakwa dhahabu. Leo limebaki karibu mti mtupu. Ukoo ulipewa ardhi kwa sababu ya utunzaji huo, na hati ya mwaka 1544 inayouthibitisha umiliki wa ardhi hiyo inamtaja mtunza fimbo kwa majina ya baba zake kwa mtindo wa Kigaeli. Neno Livingstone halimo.

Basi liliingiaje? Liliingia kwa njia ya karatasi. Katika karne ya 17 serikali, makanisa na wenye ardhi walizidi kuandika mambo yao kwa Kiingereza, na mtu wa Kigaeli aliyetaka kupanga shamba au kubatiza mtoto alihitaji jina ambalo karani angeweza kuliandika. Mac an Lèigh likavishwa jina la kifahari la nyanda za chini lililokaribiana nalo kwa sauti. Yapo pia maelezo kwamba bwana mmoja, James Livingston wa Skirling, alikodishiwa ardhi za uaskofu wa Argyll na Visiwa katika miaka ya 1640, na wapangaji wakafuata jina la aliyeshika ardhi. Jambo hilo halikuwa geni Uskoti, kwani mtu mnyonge alichukua jina la mwenye nguvu ili apate kinga, na wakati mwingine sheria yenyewe ililazimisha. Watu wa ukoo wa MacGregor walikatazwa kutumia jina lao mwaka 1603, na katazo hilo halikufutwa moja kwa moja hadi mwaka 1774. Katika sehemu kubwa ya muda huo waliishi kwa majina ya kuazima.

Ushahidi wa wazi kwamba majina hayo mawili yaliishi pamoja umo katika vita vya Culloden vya tarehe 16 Aprili 1746. Kikosi cha watu wa Appin, eneo la pwani ya magharibi ya Uskoti, walioipigania nasaba ya Stewart, kilikuwa na akina MacLea na akina Livingstone katika orodha moja ya waliouawa na waliojeruhiwa. Pambano liliposhindikana, kijana mmoja aitwaye Donald Livingstone aliikata bendera ya kikosi kutoka kwenye mti wake, akaizungushia mwilini na kukimbia nayo. Bendera hiyo ya rangi ya buluu yenye msalaba wa manjano ipo hadi leo katika Makumbusho ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh. Mababu wa David nao walikuwapo Culloden, kwani yeye mwenyewe anaandika kwamba baba wa babu yake aliuawa huko.

SWALI LA PILI

Ndugu Mhariri, ninaishi Toronto na jirani yangu ni mzee aitwaye Livingstone. Siku moja nilimtania kwamba labda ni ndugu wa yule Livingston aliyetia saini Azimio la Uhuru la Marekani. Akakasirika kidogo, akasema wao ni watu wa Mull na kwamba hao wa New York hawawahusu. Je, inawezekana watu wawe na jina moja, wawe Waskoti wote, na bado wasiwe na uhusiano? Na walifikaje Amerika?
Msomaji, Toronto

JIBU

Inawezekana, na jirani yako ana haki ya kukasirika kidogo. Walipita njia mbili tofauti, na katika zama tofauti.

Hao wa New York wanaanzia kwa mchungaji John Livingstone wa Ancrum, kusini mwa Uskoti. Mwaka 1663 alifukuzwa nchini kwa sababu ya kukataa kuutii utaratibu wa kanisa uliowekwa na mfalme, akahamia Rotterdam, Uholanzi, pamoja na jamaa yake. Mwanawe Robert, aliyezaliwa mwaka 1654, alikulia huko na kukijua Kiholanzi kama lugha yake. Alipovuka bahari na kufika Albany mwaka 1674, alikuta mji wa Waholanzi uliokuwa umetwaliwa na Waingereza, na mtu aliyejua lugha zote mbili alikuwa mali. Akawa karani, akamwoa Alida Schuyler, mjane kutoka jamii ya matajiri, na mwaka 1686 akathibitishiwa ardhi ya ekari 160,000 kando ya Mto Hudson. Katika wazao wake alitoka Philip aliyetia saini Azimio la mwaka 1776, na pia Robert R. Livingston aliyemwapisha George Washington mwaka 1789 na kushiriki mazungumzo ya kuinunua Louisiana kutoka kwa Wafaransa mwaka 1803. Utajiri huo ulikuwa na upande mwingine ambao hautajwi kwenye karamu, nao ni kwamba wafanyabiashara wa ukoo huu, akiwemo Philip mkubwa, baba wa huyo mtia saini, waliweka fedha katika biashara ya watumwa. Ukikumbuka kwamba mwenye jina hilo anayejulikana zaidi huku kwetu aliandika sana dhidi ya biashara hiyo hiyo, utaona kwa nini si vyema kuwachanganya.

Watu wa Mull na Ulva hawakuondoka na vyeo. Katika visiwa vile uchumi wa miaka ya vita vya Napoleon ulitegemea mwani. Wasomaji wa Paje na Jambiani wanaijua kazi ya kuvuna mwani, ila huko haukuuzwa mkavu. Ulichomwa katika mashimo ya mawe ufukweni hadi ukawa majivu magumu yaliyouzwa kwa watengenezaji wa sabuni na vioo. Wenye ardhi walijaza watu pwani ili wapate mikono ya kufanya kazi hiyo. Vita vilipokwisha mwaka 1815, malighafi za bei nafuu zikaingia kutoka nje, bei ya majivu ikaanguka, na watu wale wale waliosongamanishwa wakahesabiwa kuwa mzigo. Kondoo wakaonekana kuwa na faida kuliko wapangaji. Ulva ilinunuliwa mwaka 1835 na mwanasheria Francis William Clark. Wakati huo kisiwa kilikuwa na wakazi wapatao 600. Mwaka 1846 ugonjwa ukaharibu viazi, chakula kikuu cha maskini, na kufikia mwaka 1851 walikuwa wamebaki kama 150. Wengine waliondoka kwa hiari, lakini wengi walifukuzwa. Meli ziliwapeleka Nova Scotia, Kisiwa cha Prince Edward na Ontario, na kati ya mwaka 1852 na 1857 chama kimoja cha kusaidia uhamaji kiliwasafirisha karibu watu 5,000 wa nyanda za juu na visiwa hadi Australia.

Jamaa ya David ilikuwa imeondoka mapema zaidi. Mwaka 1792 babu yake Neil aliiacha Ulva, akaenda Blantyre, kando ya Mto Clyde, ambako kiwanda cha pamba kilikuwa kimejengwa miaka michache tu kabla. Baba yake David, ambaye naye aliitwa Neil, alikuwa mtoto mdogo wakati huo. David alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika jengo la wafanyakazi ambamo kila jamaa ilikuwa na chumba kimoja, wazazi na watoto pamoja. Akiwa na miaka 10 alianza kazi ya kuunganisha nyuzi zilizokatika kwenye mashine, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kutoka katika chumba hicho kimoja ndugu watatu walitawanyika: John alihamia Kanada, akakaa Listowel, Ontario, si mbali sana na hapo ulipo; Charles alikwenda kusoma Marekani kabla ya kufuatana na kaka yake katika safari ya Mto Zambezi; na David tunajua alipofia.

Ipo safari moja zaidi ambayo singependa kuiacha. Robert, mwana mkubwa wa David, alifika Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuingia katika jeshi la Kaskazini, kikosi cha New Hampshire. Hakujiandikisha kwa jina lake. Alijiita Rupert Vincent, na katika barua aliyomwandikia baba yake alieleza kwamba amebadili jina kwa kuwa aliamini kulibeba huko kusingeliongezea heshima. Alitekwa, akafungwa katika kambi ya wafungwa ya Salisbury, North Carolina, na akafia humo mwezi Desemba 1864, hajafikisha miaka 19. Baada ya vita, kanisa la Wamarekani weusi la AME Zion lilianzisha chuo katika jimbo hilo, likakihamishia Salisbury mwaka 1882, na katika muongo huo huo likakipa jina la Livingstone kwa heshima ya David. Chuo hicho kingali kinafundisha. Jina ambalo kijana alilificha hadi kufa kwake limeandikwa langoni, katika mji ule ule aliofia.

SWALI LA TATU

Ndugu Mhariri, babu yangu alibatizwa Livingstone na wamisionari, na baba akalitumia kama jina la mwisho, nasi tukalirithi. Nyumbani kwetu Ludewa tunaitazama Milima ya Livingstone kila siku, kwa hiyo hatukuona ajabu. Sasa mwanangu aliyeko ng'ambo amekutana na watu wa jina hilo wanaomkaribisha katika mikutano ya ukoo, naye anauliza kama sisi ni wa ukoo huo. Halafu kuna tatizo la pili: cheti changu cha kuzaliwa kina e mwishoni na kitambulisho changu hakina, kwa sababu karani aliyeniandika alisema e hiyo haina kazi. Tahajia iliyo sahihi ni ipi?
Msomaji, Ludewa

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nikianza na la ukoo, kwa damu jibu ni hapana, isipokuwa kama kuna habari ya familia ambayo hukuiandika. Babu yako alipewa jina la mtu aliyeheshimiwa na waliombatiza, kama wengine walivyopewa Yohana au Petro. Hata hivyo mwanao asijione mgeni kupita kiasi katika mikutano hiyo. Wengi atakaokaa nao meza moja wanalibeba jina ambalo baba zao wa kale walipewa na makarani na mabwana wa nchi, si jina walilozaliwa nalo, na baadhi yao hawana uhusiano wa damu hata wao kwa wao. Tofauti ni kwamba wao waliandikwa mapema. Mkuu wa ukoo wa MacLea, Livingstone wa Bachuil, anakaa Lismore, na ile fimbo ya Moluag, iliyokaa muda mrefu Inveraray mikononi mwa watawala wa Argyll, ilirudishwa kwake katika miaka ya 1970. Mwanao akialikwa kuiona, na aende. Asiseme tu kwamba ni ya babu yake.

Ningemshauri pia afanye jambo moja akiwa na nafasi, nalo ni kuandika majina ya upande wenu wenyewe: jina la nyumbani la babu huyo aliyebatizwa, jina la baba yake, na kijiji walikotoka. Jina la ubatizo lina tabia ya kulifunika lile la kwanza, na hilo ndilo lililowapata watu wa Ulva. Waskoti wa leo wanaotafuta nasaba hupata vyeti vya serikali kuanzia mwaka 1855, ulipoanza usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo. Kabla ya hapo huangalia daftari za ubatizo za parokia, na katika visiwa vya magharibi nyingi ya hizo hazirudi nyuma zaidi ya katikati ya karne ya 18. Nyuma ya hapo hutegemea masimulizi, wakibahatika kuwa nayo. Ninyi bado mna wazee wa kuulizwa.

Kuhusu e, karani wako alikosea kwa kuamua peke yake, ila alikuwa na mwenzake maarufu. Baba yake David aliandika Livingston, na David naye alitia saini hivyo hivyo kwa miaka mingi ya ujana wake hapa Afrika. Ilikuwa katika miaka ya 1850 ndipo e ilipoanza kutumika katika jamaa yao, na kwa kuwa ni wakati huo jina lilipovuma, tahajia hiyo ndiyo iliyobandikwa kwenye ramani, kuanzia mji wa Zambia hadi milima mnayoitazama. Wale wa New York walibaki bila e, na mji wa Leving nao hauna. Zote mbili ni sahihi, kwa hiyo fuata karatasi yako ya mwanzo, yaani cheti cha kuzaliwa. Nenda kwa wakili na nyaraka zote mbili, uape hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, kisha uipeleke hati hiyo ofisini pamoja na nakala za cheti unapoomba kitambulisho kirekebishwe. Fanya hivyo kabla mwanao hajaanza kukuombea viza, maana ubalozini herufi moja huweza kukurudisha Ludewa.